Tulivyoangalia taekwondo ya Paris banda la Machomanne, Chake

Asalam alaikum. Nilisema nitaandika na leo nimepata wasaa. Hii ni kwa wale wanaoniuliza kila siku wapi hapa Chake Chake, Pemba, mtu anaweza kwenda na watoto wa kike kuangalia michezo mengine isiyo mpira, mana mabanda yetu yote ni mpira tu na ukiulizia kitu chengine watu wanakutizama.

Lipo banda Machomanne. Halina jina wala kibao, limeezekwa bati na lina dishi juu, ukitoka barabara kubwa unaingia ndani kidogo tu, ukiuliza utaoneshwa. Mimi nimelijua kwa shemeji. Mwanangu ana miaka 11 na anafanya mazoezi ya taekwondo, ule mchezo wa Korea wa kupigana kwa mateke, mwaka wa pili sasa, basi Olimpiki ya Paris ilipofika Agosti 2024 nyumbani hapakaliki, kila siku mama taekwondo inaanza lini mama tutaangalia wapi. TV tunayo lakini king'amuzi chetu chaneli ile haikuwemo, na kwenye simu bando linaisha hata mapambano mawili hujaangalia, tena picha inaganda mguu uko hewani, ikirudi pointi ishahesabiwa na hujui imetoka wapi.

Kiingilio shilingi 500 mtu mzima, watoto hawalipi, wanakaa mbele kwenye mkeka. Taekwondo ilikuwa siku nne, tarehe 7 mpaka 10, na sisi tulikwenda zote nne. Saa zenyewe kwetu zilikuwa nzuri mana Paris wakati ule tulikuwa tumewazidi saa moja tu, kwa hivyo unasali isha, unakula, unatoka, fainali zinakukuta saa nne usiku na kidogo.

Usiku wa kwanza kasoro ilikuwa TV. Ni kubwa na rangi zake safi, buluu na nyekundu za wachezaji unazitofautisha hata ukikaa nyuma, ila picha walikuwa wameivuta mpaka sehemu ya chini imekatika, na chini ndo kuna pointi na muda. Kwenye mpira unaweza kuvumilia, goli unaliona kwa macho yako. Taekwondo huwezi. Mchezaji amevaa kinga ya kifua yenye sensa ndani na soksi zenye sensa, teke likitua unasikia pap! banda zima linapiga kelele, kumbe halikufika nguvu inayotakiwa na pointi hamna. Usipoona zile namba hujui nani anaongoza. Shemeji akaomba rimoti akarekebisha, mwenye banda akakaa pembeni yake aone inavofanywa, na siku zilizofuata tulikuta iko sawa.

Fainali ya usiku ule ilikuwa wanaume wa uzito usiozidi kilo 58, Park Tae-joon wa Korea Kusini na Gashim Magomedov wa Azerbaijan. Yule wa Azerbaijan akaumia mguu raundi ya kwanza, anaendelea lakini unamuona anachechemea, na Park hakumuachia, anampiga vile vile mpaka mwenzie akashindwa kuendelea. Banda likachafuka. Wazee wanasema huyo hana utu, mtu kaumia unamfata! Hapo mwanangu akasimama pale kwenye mkeka, mtoto ambaye nyumbani wakija wageni anajificha chumbani, akawaambia wale watu wazima kuwa refa akishasema kalyeo, yaani achaneni, ndo unaacha, kabla hajasema pambano linaendelea na wewe lazima upige. Mzee mmoja akamuuliza na hizo pointi zinakwendaje, akamuhesabia kwa vidole: ngumi ya kifuani 1, teke la kifuani 2, la kichwani 3, na ukipiga kwa kuzunguka unaongezewa 2 juu yake. Afu akawaeleza kuwa raundi ni tatu za dakika mbili mbili na kila raundi inaanza sifuri, ukishinda mbili umemaliza, siyo kama Olimpiki ya Tokyo ambako pointi zilijumlishwa mpaka mwisho. Wakamsikiliza mashaallah. Halafu wakati wa medali tukamuona Park amemshika Magomedov anatembea nae mpaka jukwaani, na wale wale waliokuwa wanalaumu wakanyamaza kimya.

Tarehe 8 ndo niliumia. Siku ile ile Simba na Yanga, nusu fainali ya Ngao ya Jamii, na sote tunajua maana yake. Tulifika banda limejaa mpaka nje, hewa hamna, na mimi na mwanangu tukasimama ukutani. Yanga ikashinda 1-0, mpira ukaisha, nikasema sasa, ila vijana hawataki kuondoka wala hawataki chaneli ibadilishwe, wanataka uchambuzi. Paris inakwenda na sisi hatuoni. Mwanangu hakulia, alinyamaza tu, na akinyamaza yule mie moyo unanikatika zaidi. Nikamfata mwenye banda, mtu mzima wa makamo, nikamwambia ami, huyu mtoto kesha siku mbili anaisubiri fainali hii. Hakunijibu, alikwenda akachukua rimoti mwenyewe akawaambia vijana, "Mpira mnao mwaka mzima nyinyi. Hichi kinakuja miaka minne mara moja." Akabadilisha. Wengine wakatoka, wengi wakabaki, na mabenchi ya upande wa kulia akayatoa kwa wanawake kuanzia usiku ule.

Na fainali yenyewe tuliiwahi. Wanawake kilo 57, Nahid Kiani wa Iran na Kim Yu-jin wa Korea Kusini. Kiani anapigana kajisitiri, mtandio chini ya kofia ya kinga, mikono yote imefunikwa. Mwanangu akanivuta nguo, "Mama, kavaa kama mie!" Mana kuna mtu alishamwambia akishakuwa mkubwa mchezo huu utamshinda kwa sababu ya stara, na hilo neno lilikuwa linamkaa. Kim ndo alichukua dhahabu na alistahiki, lakini ile fedha ya Kiani ndo ya kwanza mwanamke wa Iran kuipata Olimpiki tokea waanze, na usiku ule njia nzima mwanangu alikuwa anapiga mateke gizani.

Tarehe 9 umeme ulikatika. Banda lina jenereta, ila lilichukua kama dakika kumi kuwaka na tukakosa pambano la shaba. Tulirudi kwa Firas Katoussi wa Tunisia, kilo 80, dhidi ya Mehran Barkhordari wa Iran. Muafrika kafika fainali, basi kila mtu kasimama, hata muuza kahawa kaacha birika lake, na Katoussi alipochukua dhahabu walipiga kelele kama Karume Boys, timu yetu ya vijana ya Zanzibar, wameshinda. Shemeji akawahadithia ya Rio 2016, Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast alivyokuwa nyuma kwenye fainali, akapiga teke la kichwa sekunde ya mwisho kabisa akachukua dhahabu, ya kwanza ya nchi yake. Kesho yake tukamuona Cissé mwenyewe, sasa uzito wa juu, akichukua shaba, na wale waliosikia hadithi jana wanamshangilia kwa jina.

Sasa kasoro niziseme mana nataka zirekebishwe. Joto ni kubwa, bati liko chini na pangaboi ni moja tu na liko upande wa wanaume. Choo cha wanawake hamna, inabidi uombe nyumba ya jirani, watu wema lakini usiku mtu unaona haya kugonga mlango. Na sauti anaipandisha mno, mtoto mdogo usende nae.

Mazuri ni mengi zaidi kwangu. Hapavutwi sigara ndani. Hakuna aliyetutolea neno sisi wanawake siku zote nne. Na kitu ambacho sijakiona banda jengine, tokea siku ya tatu mwenye banda aliandika kwa chaki kwenye ubao pale mlangoni: kilo ngapi, saa ngapi, nani na nani. Hati yake mbaya lakini kila kitu kilikuwa sahihi, alimuuliza mwanangu kwanza.

Mkitaka kwenda kwa mchezo wowote usio mpira mwambieni siku moja kabla, ataweka. Siku ya Simba na Yanga msiende na watoto mpaka mpira umalizike. Chai ya tangawizi 200, bajia zipo na ni za moto ila zinaisha kabla ya saa tatu.