Uzoefu wangu na Boeing 727 ya simuleta: fupi, ndefu na ya mizigo

Kama unatafuta ndege ya simuleta (mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege) ya kuwasha, kuweka autopailoti ijiendeshe yenyewe kisha ukaenda kuinjika chai, hii siyo. Mimi nilitokea kwenye 737 za kisasa, zile ambazo kompyuta inakupigia hesabu zote, nikajidanganya kwamba 727 itakuwa rahisi kwa vile ni ya zamani. Siku ya kwanza nilimaliza dakika hamsini nikihangaika kuwasha injini, na ndege haikusogea hata mita moja kutoka ilipoegeshwa.

Kifurushi, yaani programu unayoiongeza kwenye simuleta, kina ndege tatu ndani yake: 727-100, 727-200 Advanced na 727-200F ya mizigo. Waliokitengeneza siwataji, maana nina ugomvi nao na haujaisha, nitausimulia. Nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa wakati wa punguzo la Desemba, nikapakua kwa bando la usiku, kufika alfajiri mzigo ukawa umeshuka wote.

Kwa asiyeijua 727: ni ndege ya injini tatu, zote ziko mkiani, na ilizaliwa kwenye mabishano ya mashirika matatu ya ndege ya Marekani. United walitaka injini nne kwa ajili ya Denver, uwanja ulio juu ambako hewa ni nyepesi. American walitaka mbili ili kubana matumizi. Eastern walikuwa wakivuka bahari kwenda Karibiani, wakaona mbili hazitoshi. Boeing wakagawanya tofauti, zikawa tatu. Ya kwanza iliruka Februari 1963, kiwanda kikafunga hesabu mwaka 1984 baada ya ndege 1,832.

Nilichotaka kujua kabla ya kulipa ni kama hizi tatu ni tofauti kweli au ni ndege moja iliyovishwa rangi tatu. Ni tofauti. Ile -100 ina urefu wa mita 40.6. Ile -200 ilirefushwa mita sita na kidogo, nusu yake mbele ya bawa na nusu nyuma. Hata mdomo wa injini ya katikati, ule ulio juu mkiani, kwenye fupi una umbo la yai na kwenye ndefu ni wa mviringo. Nilifungua picha za ndege halisi nikalinganisha, wamepatia.

Lakini bawa ni lilelile, na hapo ndipo tofauti inapoonekana ukiwa hewani. Ile fupi, ukiipa mafuta ya safari ya saa moja tu, inaruka kama swala. Ile ndefu ikijaa, unaanza kuhesabu taa za njia ya kurukia zilizobaki mbele yako. Kwenye kutua, -200 haitaki uinyanyue pua sana, mkia uko mbali nyuma. Niliuburuza mara mbili kabla sijajifunza.

Sasa twende kwenye kiti kilichonifanya niipende. Nyuma ya rubani msaidizi, upande wa kulia, kuna ukuta mzima wa swichi na mishale: mafuta, umeme, hewa, joto. Hapo alikuwa anakaa mtu wa tatu, mhandisi wa ndege, kazi ambayo kwenye ndege za abiria za leo haipo tena. Kifurushi kinakuletea mhandisi wa kompyuta, anayesoma orodha ya ukaguzi kwa sauti nzito ya Kimarekani, ila mafuta hayagusi. Kwa hiyo kila baada ya dakika kumi unaacha usukani, unageuka, unapapasa ukuta, na ukirudi mbele ndege imeshapoteza futi mia tatu.

Nikaajiri. Mpwa wangu alikuwa nyumbani anasubiri matokeo ya kidato cha nne, hana kazi zaidi ya simu. Paneli ya mhandisi inaweza kuhamishiwa skrini ya pili, nikampa skrini, nikampa kipanya, na mwongozo wa kurasa mia mbili. Baada ya wiki moja alikuwa ananizidi.

Jenereta ndizo zilizomkamata. Kila injini ina yake, na huwezi kuziunganisha hivihivi. Zote zinatoa volti 115 kwa hezi 400, lakini mawimbi ya moja lazima yaende sambamba na ya mwenzake kwanza. Unageuza kitufe kidogo cha kurekebisha huku ukiangalia taa. Mawimbi yakipishana taa zinawaka na kuzima, haraka kama indiketa ya gari lililoungua balbu moja. Ukiendelea kugeuza zinapunguza mwendo, zinakuwa nzito, mwisho zinazimika na kubaki zimezimika. Hapo ndipo unaingiza swichi. Mimi nilikuwa naingiza kabla, jenereta inajitoa, nusu ya paneli inakufa. Kijana yeye ana subira. "Mjomba, tulia kwanza, bado zinakonyeza."

Mafuta nayo yana adabu yake. Tangi la katikati ni kubwa kuliko ya mabawani, kwa hiyo ukishapaa unazilisha injini zote tatu kutoka hilo la katikati mpaka yalingane, kisha kila injini inarudi kwenye tangi lake. Ukisahau vali moja wazi, bawa moja linabaki zito. Autopailoti inakuficha, inaishikilia ndege hivyo hivyo kimyakimya, siku unaitoa ili utue, ndege inalala upande. Waliotengeneza hili walijua wanachofanya, nawavulia kofia.

Kutua nako kuna somo. Mwaka 1965, ndani ya miezi mitatu, 727 tatu zilianguka Marekani zikiwa zinakaribia kutua. Ile ya Salt Lake City ilikuwa inashuka kwa kasi mno na nguvu ikaongezwa imechelewa. Nilidhani simuleta haitaonyesha kitu kama hicho. Nikaichukua -100, flapsi (vile vipande vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) 40, nguvu chini kabisa. Mshale wa kushuka ukaenda futi 2,000 kwa dakika, kimya, bila kelele wala mtikisiko wa kukuonya. Kwenye futi mia nne nikasukuma nguvu yote mbele, injini zikakaa kwanza, kama mtu anayeamshwa usingizini, na zilipoanza kunguruma mimi nilikuwa nimeshafika chini, kabla ya mwanzo wa njia. Tangu siku hiyo natua na flapsi 30, na nguvu siiondoi mpaka magurudumu yaguse.

Ngazi ya mkiani inafunguka pia, hata angani. Ndiyo ile ambayo Novemba 1971 mtu aliyejiita Dan Cooper aliitumia kuruka na mwavuli na dola 200,000, asionekane tena. Baada ya hapo ndege nyingi zilifungwa kibati kidogo kinachozuia ngazi isifunguke ikiwa hewani. Kwenye kifurushi -100 haina kibati, -200 inacho. Nilijaribu zote mbili. Haina faida yoyote, ila nilicheka peke yangu usiku wa manane.

Ugomvi wangu uko kwenye ile ya mizigo. Kiwandani zilitengenezwa 15 tu, zote za Federal Express, za mwisho kabisa kwenye ukoo wa 727. Mimi nikaipeleka Kongo, ambako 727 zilibeba watu na mizigo miaka mingi baada ya nchi nyingine kuziacha. Kinshasa hadi Kisangani ni kilomita 1,200 na ushee. Kwenye programu ndogo ya kupakia nikaomba mafuta kilo 12,000, yanatosha na kubaki. Mishale kwa mhandisi ikasoma 12,000. Safi, tukapaa.

Juu ya msitu, Kisangani ikiwa bado kama kilomita mia nne, kijana akasema mafuta yanaisha. Nikamwambia aangalie vizuri. Akasema, "Mjomba, nimeangalia, tangi la kwanza ni sifuri." Injini ya kwanza ikazimika, kisha ya tatu, kisha kimya. Programu ya kupakia inasema kilo, inapakia paundi. Tuliondoka na kilo 5,400 hivi, hata nusu ya tulichoomba hatukuwa nayo. Jenereta ya APU, ile injini ndogo ya akiba, haisaidii, kwenye 727 haiwashwi angani. Usukani kwenye ndege halisi ungekuwa mzito wa kukatisha mikono, maana haidroliki, ile nguvu ya mafuta ya presha inayosaidia usukani, imekwenda; kwangu jostiki ya plastiki ilikuwa nyepesi vilevile, na hiyo ndiyo hasara ya mchezo huu. Tulitua juu ya miti.

Nikawaandikia waliokitengeneza kifurushi, na picha za skrini. Wakajibu kwamba mishale ya ndege hii ni ya paundi, nisome mwongozo. Mwongozo nimeusoma, mpwa wangu ameusoma mara mbili! Hoja yangu ni neno "kilo" kwenye programu yao. Wakaifunga tiketi ya malalamiko yangu. Sasisho mbili zimetoka tangu hapo, zimerekebisha mapazia ya madirisha na sauti ya mvua.

Ushauri wangu: anza na -100 hata kama macho yanakuvuta kwenye ile ndefu, inasamehe zaidi. Kadi ya grafiki ya kati inaibeba bila shida, lakini bila skrini ya pili utateseka. Ya mizigo iache mpaka warekebishe, au fanya kama sisi: omba mafuta, zidisha kwa 2.2, kisha mwachie mhandisi ahakikishe. Wa kwangu ameshapata matokeo na anaondoka kwenda bwenini mwezi wa saba, kwa hiyo natafuta mwingine.