Huduma ya tiketi Mtwara mjini, safari ya Kalymnos

Yaani huyu dada wa tiketi anajua kazi jamani, nilimwambia nataka kwenda kupanda miamba Kalymnos, kisiwa cha Ugiriki, akakaa na mimi mchana mzima tukapanga Mtwara mpaka Dar, Dar mpaka Athens, halafu kisiwa cha Kos, toka hapo unavuka na boti kutoka bandari ya Mastichari hadi Pothia, bandari ya Kalymnos. Julai akaikataa kabisa, kule kiangazi jua linaunguza mwamba, bora Oktoba, na viza ya Schengen, ile ya kuingia Ugiriki na nchi nyingi za Ulaya, tuanze mapema. Ada yao imechangamka kidogo ila inastahili. Kamba tu ndo ulizeni wapandaji wenyewe, njia za kupanda za Masouri, kijiji cha huko Kalymnos, ni ndefu, beba ya mita 80.