Nyumba ya Mama Mdogo na Tiketi za Pauni Tano: Tathmini ya Huduma ya Kuuza Nyumba kwa Bahati Nasibu ya Hisani

Mama Mdogo alipostaafu uuguzi baada ya kuhudumu miaka 29 katika hospitali za Uingereza, aliamua kurudi Moshi, na kitu pekee kilichobaki kumzuia kilikuwa nyumba yake ya vyumba vitatu iliyoko Leicester, ambayo mkopo wake alikuwa amekwisha kuumaliza. Dalali aliyeikagua aliikadiria kuwa na thamani ya pauni 260,000. Yeye hakutaka kuiuza akaondoka kimya kimya, kwa sababu katika kazi yake aliwauguza vijana wengi wenye ugonjwa wa seli mundu, na alitamani sehemu ya nyumba hiyo ilifikie shirika linalowasaidia. Ndipo alipokutana na tangazo la kampuni inayoendesha bahati nasibu za nyumba mtandaoni: tiketi ziuzwe kwa bei ndogo, mshindi mmoja achukue nyumba, mwenye nyumba apate thamani yake kamili, na shirika la hisani lipate fungu lake. Mimi ndiye niliyeisimamia shughuli hiyo kwa niaba yake, tangu kusoma mkataba hadi kufunga hesabu. Kampuni siitaji, kwa kuwa ninachopima hapa ni huduma yenyewe na namna inavyofanya kazi.

Niseme mapema kwamba kwa muuzaji anayetegemea fedha ya nyumba yake siipendekezi huduma hii, na kwa anayetaka kulisaidia shirika la hisani siipendekezi hata kidogo. Haki, hata hivyo, inanitaka niseme na mazuri yake. Wahudumu walijibu barua zetu siku hiyo hiyo, ukurasa wa nyumba ulitengenezwa kwa ustadi, fedha za tiketi ziliwekwa katika akaunti iliyotengwa, na droo ilichezeshwa mbele ya shahidi wa nje. Kasoro ninazozieleza hazikutokana na uzembe wa mtu. Zimo ndani ya mpango wenyewe, na mtu anaweza kuziona kabla ya kutia saini iwapo atajua mahali pa kuangalia.

Mahali pa kwanza ni sheria. Katika England, Uskoti na Wales, Sheria ya Kamari ya mwaka 2005 hairuhusu mtu binafsi kuendesha bahati nasibu kwa faida yake. Bahati nasibu halisi ya hisani huendeshwa na shirika lenyewe, likiwa na leseni ya Tume ya Kamari au, kama ni ndogo, likiwa limesajiliwa na halmashauri ya eneo lake, na angalau asilimia 20 ya mapato lazima iende kwenye lengo la hisani. Zawadi ya tiketi moja haiwezi kuzidi pauni 25,000 au asilimia 10 ya mapato ya droo hiyo, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Piga hesabu kwa nyumba ya Mama Mdogo: ili nyumba ya pauni 260,000 iwe zawadi halali chini ya kanuni hiyo, shirika lingelazimika kuuza tiketi za pauni 2,600,000, yaani tiketi 520,000 za pauni tano tano. Nilipoifanya hesabu hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini kampuni za namna hii hazipiti mlango huo.

Mlango wanaopita ni ule wa droo huria au wa shindano la ujuzi, ambao hauhitaji leseni. Katika droo huria mtu lazima aweze kuingia bila kulipa, kwa mfano kwa kutuma barua ya kawaida ya posta, na njia hiyo lazima itangazwe wazi. Katika shindano la ujuzi lazima liwepo swali gumu kiasi cha kuwazuia watu wengi wasiingie au wasishinde, na swali la kuuliza mji mkuu wa Ufaransa halitoshi. Kwetu ilitumika njia ya posta, na ingawa Mama Mdogo hakupata hata peni moja kutokana na postikadi zilizokuja, alizisoma zote, kwa sababu baadhi ya watu waliandika nyuma yake habari za watoto wao wagonjwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba kwa kupita mlango huo, kile kinachoitwa bahati nasibu ya hisani kwenye tangazo hakibanwi tena na kanuni ya asilimia 20. Fungu la shirika linabaki kuwa vile mkataba unavyosema, na mkataba wetu ulisema shirika litapata kilichobaki baada ya gharama.

Watu wengi huvutwa na habari za Melling Manor, jumba la vyumba sita vya kulala katika jimbo la Lancashire, ambalo mwaka 2017 mwenyewe alilinadi kwa tiketi za pauni mbili baada ya kushindwa kuliuza kwa njia ya kawaida, na kweli akafanikiwa kulikabidhi kwa mshindi. Habari hiyo ilienea katika magazeti na televisheni, na kuenea huko ndiko kulikouza tiketi. Kila aliyemfuata alikuta tayari jambo si habari tena. Nyumba yetu ilikuwa ya kawaida katika safu ya nyumba za kawaida, yenye bustani ndogo na jiko lililokarabatiwa, na hakuna mwandishi wa habari aliyekuja kuipiga picha.

Lengo letu lilikuwa tiketi 65,000 za pauni tano, ambazo zingeleta pauni 325,000 na kutosha nyumba, gharama na shirika. Mzigo wa kutafuta wanunuzi, jambo ambalo sikulipima vizuri mwanzoni, ulikuwa wetu wenyewe. Kampuni ilitoa ukurasa na mfumo wa malipo, lakini matangazo ya mitandao ya kijamii tulilipa sisi. Tulianza na jamaa, kanisa na wauguzi wenzake. Marafiki wengi Waislamu, miongoni mwao majirani zake wa miaka mingi kutoka Mombasa na Unguja, walituambia kwa upole kwamba kwao hiyo ni kamari na hawawezi kuigusa, kisha wakamletea michango ya shirika mkononi, bila tiketi. Fedha hizo zilifika kwa shirika zote, bila kukatwa peni, na laiti ningelipa jambo hilo uzito wakati ule.

Baada ya miezi mitatu, tarehe ya kufunga ilisogezwa mbele kwa miezi mitatu mingine bila sisi kuulizwa, kwa kuwa mkataba uliipa kampuni haki hiyo. Kanuni za matangazo za Uingereza zinasema tarehe ya kufunga isibadilishwe isipokuwa kwa sababu zisizoepukika zilizo nje ya uwezo wa mwendeshaji, na tiketi kutonunuliwa si sababu ya namna hiyo. Kampuni ilipopendekeza kuisogeza mara ya pili, Mama Mdogo alinipigia simu. "Mwanangu," aliniambia, "watu walinunua wakiambiwa Juni, tukawapa Septemba. Sasa tuwaambie Desemba? Sitaki. Wachezeshe droo, tumalize." Nilimjibu, "Sawa, Mama, nitawaandikia leo," na nikaandika.

Tiketi zilizouzwa zilikuwa 5,200, yaani pauni 26,000. Kwa mujibu wa masharti, lengo lisipofikiwa nyumba haitolewi, na mshindi hupewa nusu ya fedha zilizokusanywa. Alipata pauni 13,000. Kampuni ilichukua asilimia 10, yaani pauni 2,600. Zikabaki pauni 10,400, ambazo kutokana nazo tulirudishiwa pauni 5,800 za matangazo, pauni 1,500 za wakili aliyeandaa hati za nyumba, na pauni 600 za picha na video. Shirika la seli mundu lilipokea pauni 2,500. Mtu aliyenunua tiketi ya pauni tano akiamini anawasaidia wagonjwa alikuwa ametoa chini ya peni hamsini kwao. Kodi ya halmashauri na bima ya nyumba iliyokaa tupu kwa miezi sita hazimo katika hesabu hiyo, kwani Mama Mdogo alizilipa mfukoni mwake.

Kilichoniumiza zaidi ni ile zawadi. Mamlaka ya Viwango vya Matangazo imekwisha kutoa maamuzi dhidi ya waendeshaji waliotangaza nyumba kisha wakatoa fedha taslimu, kwa sababu kanuni zinataka zawadi iliyotangazwa itolewe, au kitu kinacholingana nayo kwa kiasi cha kuridhisha, na pauni 13,000 hazilingani na nyumba ya pauni 260,000. Sharti hilo la fedha taslimu liliandikwa kwenye ukurasa wetu tangu mwanzo, lakini liliandikwa chini kabisa, na picha kubwa ya juu ilikuwa ya mlango wa nyumba. Mimi niliuona ukurasa huo kabla haujachapishwa na sikusema neno.

Zipo njia nyingine zilizo tofauti na hii. Kampuni ya Omaze, iliyoanza droo zake za nyumba Uingereza mwaka 2020, hununua nyumba yenyewe, hulipia gharama za wakili na ushuru wa stempu kwa niaba ya mshindi, na hulihakikishia shirika la hisani kiwango cha chini cha mchango. Huko hatari ya tiketi kutouzwa inabebwa na kampuni yenye mtaji, wala si mwenye nyumba. Atakayeletewa mkataba wa huduma kama yetu aanze kwa kuuliza shirika la hisani linalipwa kutokana na mapato yote au kutokana na kilichobaki, kisha aulize ni nani anayebeba hasara tiketi zisipofika. Asiporidhika na majibu yaliyoandikwa, asitie saini.

Mwezi uliofuata nyumba ilikabidhiwa kwa dalali wa mtaani, naye akaiuza kwa pauni 251,000 kwa kamisheni ya asilimia 1.2 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, jumla pauni 3,614. Katika fedha hizo Mama Mdogo alilipa shirika lile lile la seli mundu pauni 5,000 moja kwa moja. Kwa kuwa alikuwa amelipa kodi ya mapato ya kutosha mwaka huo, alijaza tamko la Gift Aid, ambalo huliruhusu shirika kudai serikalini peni 25 kwa kila pauni ya mchango, fursa ambayo ununuzi wa tiketi hauna. Shirika likapata pauni 6,250. Tamko hilo lilikuwa ukurasa mmoja tu, na alilijaza mezani kwangu usiku wa kuamkia safari yake.