Seti ya kubuni mapanga ya upepo: kitovu safi, maelekezo yanapotosha

Seti hii ni ya wanafunzi kutengeneza mtambo mdogo wa kufua umeme kwa upepo wa feni. Kitu bora ndani ya boksi ni kitovu, sehemu ya katikati inayoshika mapanga, yaani mabawa yanayozungushwa na upepo. Kina matundu 12, kwa hiyo mapanga 2, 3, 4 au 6 yanakaa kwa nafasi sawa bila kutoboa chochote. Kubadili pembe ni kulegeza skrubu, kuzungusha kijiti cha panga na kukaza tena.

Kinachoharibu somo ni karatasi ya maelekezo. Inataka multimita (kipima umeme) iunganishwe moja kwa moja na mota inayozungushwa na mapanga ili itoe umeme, na mwenye volti nyingi awe mshindi. Mota isiyo na mzigo, yaani isiyo na kitu kinachotumia umeme wake, inaonyesha kasi ya kuzunguka tu, si nguvu, kwa hiyo panga jembamba linaweza kushinda bure. Unganisha rezista (kipande kinachozuia mkondo wa umeme) ya omu 30 kwenye nyaya mbili za mota, ileile kwa vikundi vyote, kisha pima volti juu yake. Ukisoma volti 1.2, zidisha 1.2 kwa 1.2, gawanya kwa 30: wati 0.048, yaani miliwati 48. Hapo wengine waliokuwa wanashangilia hunyamaza.

Protrakta haimo, na hilo ni kosa la kizembe. Panga lililotazama feni bapa kabisa halizunguki. Anzia nyuzi 10 hadi 20 kutoka hapo. Mapanga yakipangwa kwa kukadiria macho, mnara hutikisika. Moja likigeuzwa kinyume huvutana na wenzake, na mtambo wote unaweza kusimama kama feni imezimwa. Pima pia uzito: bonge la gundi ya moto kwenye panga moja linatosha kuleta mtikisiko.

Mbao laini zilizomo ni chache. Majaribio ya kwanza yafanywe kwa katoni, kingo zikiwa zimezibwa kwa selotepu. Kwa feni ya kipenyo cha sentimita 50, ncha ya panga isivuke sentimita 25 kutoka katikati ya kitovu. Ikizidi hapo inakokota hewa tu.

Miwani ya kinga nunua mwenyewe. Kijiti kisichokazwa huchomoka kwenda pembeni, basi wanafunzi wasikae ubavuni mwa mtambo.

Ukitaka kuwasha taa nyekundu ya LED kwa mota hii, inataka karibu volti 1.8 na huwaka umeme ukipita upande mmoja tu. Isipowaka, badilishana nyaya kabla ya kulaumu mapanga.