TAHADHARI: Kuna mtu anauza spea za foklifti za zamani kwa kukurudishia namba uliyompa mwenyewe

Mafundi wenzangu, na ninyi wenye maghala mnaotunza mashine za zamani, someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu anayejitangaza WhatsApp kwamba ana spea za foklifti "zilizoshindikana kwingine". Nimelizwa shilingi 2,270,000, na mashine imelala mwezi na nusu. Jina lake siliandiki hapa; liko polisi pamoja na namba zake za simu. Ninachotaka mkijue ni namna anavyofanya, kwa sababu namba atabadilisha lakini mchezo wake ni uleule.

Mashine yetu ni Lansing Bagnall ya dizeli, ya tani tatu, injini Perkins 4.236. Iko kwenye ghala la katani hapa Tanga. Robota moja la katani ni kilo 250, na siku ya kupakia malori mashine hii inafanya kazi tangu asubuhi mpaka magharibi. Mwezi wa tatu pampu ya haidroliki ikaanza kulia. Uma ukawa unapanda kwa kusuasua, na mafuta yakishapata moto haupandi na mzigo kabisa. Nikaishusha pampu, nikaifungua. Gia zilikuwa zimekula ukuta wa ndani, ukipitisha ukucha unazama kwenye mfereji.

Kibati cha pampu, kile kilichogongwa namba yake, kilikuwa kimeliwa na kutu. Nikakipangusa kwa kitambaa, nikasoma namba kwa kadiri nilivyoweza, nikaiandika kwenye karatasi kwa kalamu ya wino mzito, nikapiga picha na kuitupa kwenye kundi la mafundi: "Wadau, nani anayo hii?"

Hapo ndipo nilipomfungulia mlango.

Haikupita nusu saa, akanifuata pembeni. "Kaka hiyo ninayo. Mpya, haijatoka kwenye boksi. Imebaki moja tu, kuna Mkenya anaiulizia." Akasema stoo yake iko Sharjah. Hilo halikunishtua, maana Sharjah kweli ni soko kubwa la spea zilizotumika, na wafanyabiashara wengi wa huku wananunua kule. Nikamwomba picha. Ikaja: boksi la kahawia juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki cha bluu, kona ya kushoto ya kitambaa imeungua kwa umbo la pasi. Kwenye boksi lebo nyeupe, na kwenye lebo namba yangu yote, tarakimu kwa tarakimu. "Si namba yako hiyo, bosi? Soma mwenyewe."

Nikasoma. Nikamwonyesha mwenye ghala, naye akaridhika. Tukatuma 1,850,000 kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Baada ya siku nane akasema mzigo umefika bandarini Dar, unadaiwa ushuru 420,000. Tukatuma. Baada ya siku nne akataka 300,000 nyingine ya storeji. Hapo nikashtuka, nikamwambia: "Nipe control number nilipe mwenyewe benki." Akaanza kunifokea kwamba simwamini baada ya yote aliyonifanyia. Kesho yake nikakuta amenibloku.

Ndugu zangu, ushuru wa forodha haulipwi kwenye simu ya mtu. Malipo ya serikali yana control number, na unaweza kuyalipa wewe mwenyewe ukiwa umekaa nyumbani kwako. Hilo nilikuwa nalijua siku zote. Lakini mashine imelala, malori yako getini, mwenye mali anakuuliza kila asubuhi umefikia wapi. Katika hali hiyo unasahau hata unachokijua. Yeye anaijua haraka hiyo vizuri, na ndiyo anayoiuza.

Sasa jambo lililonifanya niandike haya yote. Wiki moja baada ya kubloku nilikichukua tena kile kibati. Safari hii nikakiloweka kwenye dizeli usiku kucha, asubuhi nikakisugua kwa brashi laini, kisha nikaweka karatasi nyembamba juu yake na kupitisha penseli ya mkaa kwa ubavu, polepole, kama watoto wanavyochora sarafu. Herufi zilizogongwa zikajitokeza nyeupe kwenye weusi. Tarakimu ya nne, niliyoisoma 3, ilikuwa 8. Kutu ilikuwa imekula upande wake wa kushoto.

Nikafungua ile picha ya boksi kwenye simu. Lebo yake inasema 3.

Mikono ilinitetemeka. Hakuwa na pampu. Hakuwa na boksi lenye namba ile, kwa sababu namba ile niliitunga mimi kwa kosa la macho yangu. Alichukua kosa langu, akaliprinti, akalibandika kwenye boksi la kahawia, akaniuzia.

Nilipolisimulia kundini, watu watatu wakanifuata pembeni. Wawili walipigwa kama mimi. Wa tatu kwake ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu yeye mzigo ulimfikia. Alinunua mnyororo wa kunyanyulia. Ukaja umepakwa rangi nyeusi inayong'aa, ndani ya nailoni, ukaitwa mpya. Nikamwambia aupime. Mnyororo ule ni wa hatua ya milimita 19.05, yaani kutoka pini hadi pini, kwa hiyo pingili 16 zikivutwa zikanyooka zinatakiwa ziwe karibu milimita 305. Wake ulifika 316. Mnyororo wa foklifti ukirefuka asilimia 3 unatupwa, yaani kwa kipimo hicho ukifika 314 umeisha. Alikuwa anakaribia kuufunga kwenye mashine inayonyanyua mzigo juu ya vichwa vya vijana wa kupakia. Chini ya rangi, pini zilikuwa zimelika na pingili nne zilikuwa ngumu kukunjika. Kwa huyo naomba tusiseme "utapeli" tu.

Nikirudi nyuma naona alikuwa ameshajifunua mapema, ila mimi sikumsikiliza. Aliniambia pampu "inatoka moja kwa moja kiwandani Lansing". Lansing Bagnall wa Basingstoke walinunuliwa na Linde wa Ujerumani mwaka 1989. Anayekwambia leo analetewa mali mpya na kiwanda cha Lansing Bagnall anakuuzia jina lililokwisha. Hata kwa Wajapani majina yamehama: Nissan na TCM upande wa foklifti ziliunganishwa zikaitwa UniCarriers, na sasa ziko chini ya Mitsubishi Logisnext. Hyster na Yale ni kundi moja siku nyingi. Muuzaji wa kweli wa spea za zamani anaujua ukoo huu kama anavyojua majina ya wajomba zake, kwa sababu ndiko anakotafutia.

Pili, nilimwomba pia oili sili za jeki ya kuinamishia mlingoti. Nikamuuliza saizi ya rodi. Akajibu bila kusita: "50." Rodi ya mashine ile nimeipima kwa venia, kile kipimo cha kubana, ni milimita 50.8, yaani inchi mbili kamili. Mashine nyingi za Kiingereza za zamani ni za inchi. Sili ya 50 ukiilazimisha kwenye rodi ya 50.8 itaungua mdomo na kuvuja. Mtu aliyewahi kuishika sili ya mashine hizi angeuliza kwanza ni ya inchi au ya milimita.

Kinga kubwa ni kuitambua mashine yako mwenyewe kabla ya kumuuliza mtu. Toyota ni rahisi: ukiona 5FD25, tano ni toleo, F ni foklifti, D ni dizeli, 25 ni tani mbili na nusu. Ingekuwa FG ni ya petroli au gesi, FB ni ya betri. Tarakimu ya mwanzo ndiyo inayoponza watu, maana spea ya 7FD25 haiingii tu kwenye 5FD25 kwa sababu zote ni za tani mbili na nusu. Kibati kikiwa kimeng'oka, tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma cha fremu yenyewe. Kwangura rangi taratibu, mara nyingi ipo chini ya tabaka mbili tatu. Na injini ina namba yake, haitegemei kibati cha mashine.

Kwenye injini ndipo wengi tunapoibiwa bila sababu. Perkins ambayo namba yake inaanza na LD ni 4.236: silinda nne, inchi za ujazo 236, karibu lita 3.9. Ni injini ileile iliyomo kwenye trekta la Massey Ferguson 265. Pistoni, ringi, gasketi ya kichwa, nozeli, vyote vipo kwenye maduka ya spea za matrekta, tena kwa bei ya mkulima. Linganisha sampu (bakuli la oili chini ya injini) na gurudumu la injini tu, hivyo vinatofautiana kulingana na mashine. Vilevile TCM nyingi zina Isuzu C240, na foklifti nyingi za Kichina za Heli na Hangcha zimefungwa injini hiyohiyo, kwa hiyo spea zake hazijapotea. Mtu akikwambia pistoni ya C240 ni adimu na inatoka kwake tu, funga simu.

Pampu ya gia nayo usiitafute kwa namba peke yake. Hesabu meno ya shafti, pima kipenyo chake, pima umbali wa matundu ya boliti, na angalia inazunguka upande gani ukiitazama kutoka mbele ya shafti. Pampu ya kulia ukiifunga kwenye injini inayoizungusha kushoto, itatoa sili ya shafti siku hiyohiyo.

Na ukishaandika vipimo vyako, usivitoe. Mwambie muuzaji unataka pampu ya mashine fulani, kisha mwache yeye ndiye akutajie. Namba ya kibati ficha tarakimu mbili za mwisho kwa kidole unapopiga picha. Mwambie aweke venia juu ya shafti na kikaratasi chenye tarehe ya leo, apige picha upya. Mwenye mali mkononi inamchukua dakika tano. Yule wa kwangu nilipomwomba picha nyingine alisema mlinzi wa stoo ameondoka na funguo, na mimi nikakubali.

Mwishowe pampu niliipata Dar, kwenye duka dogo maeneo ya Gerezani. Nilianza kumsomea mzee wa duka namba, akaninyooshea mkono. "Mwanangu, weka ya zamani hapo mezani niione." Akaigeuza, akahesabu meno ya shafti kwa ukucha wa kidole gumba, akaizungusha, akaingia ndani. Akatoka na mbili. Moja akairudisha mwenyewe kabla sijaigusa, akasema inazunguka upande mwingine. Ile nyingine ndiyo iliyo kwenye mashine sasa, na nililipia baada ya kuishika.

Kwa mliokwishatuma hela: msifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala. Nendeni kituo cha polisi mkachukue RB, yaani namba ya taarifa yenu, kosa hili linaangukia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba yake itumeni 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, huduma ni bure, na wapigieni mtandao wenu wa simu siku hiyohiyo kabla hela haijatolewa. Mimi nilichelewa siku kumi na moja kwa aibu, nikakuta akaunti tupu.

Jana usiku fundi mmoja wa Morogoro amenitumia picha aliyopewa na "muuzaji mpya". Namba ya simu ni nyingine, jina ni jingine, safari hii ni pampu ya breki. Boksi la kahawia, lebo nyeupe, na chini yake kitambaa cha bluu kilichoungua kona ya kushoto kwa umbo la pasi. Ukiletewa picha yenye kitambaa hicho, usitume hata shilingi.