Hilux yangu na biodizeli ya mafuta ya kukaangia: uzoefu wangu

Nina Hilux ya zamani, injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, inayobeba madafu na maembe kutoka Kilifi hadi soko la Kongowea. Kwa muda sasa naitilia biodizeli inayotengenezwa hapa Mombasa kwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa hotelini. Sitii tupu: asilimia 20 ni biodizeli, iliyobaki ni dizeli ya sheli.

Kilichonifurahisha zaidi ni pampu ya injini, ile inayosukuma dizeli. Mwaka 2015 dizeli yetu ilipunguzwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni. Kwa mapafu yetu ni heri kubwa, lakini kuitoa salfa kiwandani huipunguzia dizeli utelezi, na pampu ya injini hizi hulainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake. Biodizeli ina utelezi wake wa asili, hata kidogo tu husaidia. Injini haigongi tena kama zamani ninapoiwasha alfajiri, na moshi mweusi wa kupanda mlima na mzigo umepungua sana. Nguvu? Lita ya biodizeli tupu ina nishati pungufu kwa karibu asilimia 8, ila kwa mchanganyiko wangu sihisi tofauti.

Weka filta ya akiba. Biodizeli huyeyusha uchafu wa miaka ulioganda ndani ya tangi, na wote huishia kwenye filta. Fundi wangu alinitahadharisha, na kweli, ya kwanza ilitoka nyeusi tititi. Alibadilisha pia mipira ya mafuta, kwani raba ya magari ya zamani hulainika na kuvuja.

Ubora unategemea mtengenezaji. Kuna mmoja aliniuzia mzigo wenye ukungu. Tangu hapo sinunui kabla ya kupima: chupa angavu, nusu biodizeli, nusu maji, naitikisa kwa nguvu kisha naiacha nusu saa. Ikiwa safi, maji hushuka na mafuta hukaa juu, mpaka wake waziwazi. Ikiwa mbovu, katikati hubaki utando mzito mweupe kama tui. Hiyo ni sabuni: mafuta yamechanganywa na methanoli na kostiki soda, halafu hayakuoshwa vizuri.

Napenda pia yanakotoka. Tuliwahi kuahidiwa makubwa kuhusu mbono kaburi (jatropha), mmea wenye mbegu za mafuta, wakulima wakapanda, wengi wakaambulia mavuno haba. Mafuta yaliyotumika hayadai shamba la mtu, na yasiponunuliwa humwagwa mtaroni au, vibaya zaidi, huuzwa tena kwa wakaangaji.

Gari likiwa jipya na lina waranti, soma kitabu chake kwanza, maana baadhi ya watengenezaji hukomea asilimia 7. Na wa Limuru mwe waangalifu na baridi ya Julai: mafuta yetu mengi ya kupikia ni ya mawese, na biodizeli yake tupu huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16.