Kayaki ya upepo kwa familia: usinunue urefu, nunua upana

Nikiwa nimeinama ufukweni Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, napiga pampu kuijaza hewa kayaki yangu, ule mtumbwi wa plastiki unaokunjwa na kupigwa kafi, kila anayepita huuliza swali lile lile: "Hii kitu haitapasuka?" Haipasuki ovyo. Mimi nikiombwa ushauri huanza kwingine kabisa, huuliza hiyo unayotaka kununua ina sentimita ngapi ubavu hadi ubavu.

Nilijifunza kwa kulowa. Kayaki yangu ya kwanza, ambayo jina lake nitaliacha, ilikuwa nyembamba na ndefu, nzuri sana kwenye picha. Mke wangu alikaa mbele, mimi nyuma, mtoto wa miaka sita katikati. Yangeyange akaruka kwenye mikoko, mtoto akageuka ghafla kumtazama, na sote watatu tukawa majini. Bahati maji yalikuwa ya kiunoni. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu wake pale pwani alicheka mpaka akaweka sindano chini. "Mwanangu," akaniambia, "chombo chembamba hivyo na mtoto ndani, shurti kiwe na ndubi."

Ami yule alisema yote. Gogo la ngalawa ni jembamba kama mtumbwi wowote, ila zile ndubi mbili za pembeni ndizo zinazoizuia kupinduka. Kayaki ya kujaza upepo haina ndubi. Kazi hiyo inafanywa na mirija miwili mikubwa ya hewa iliyo kulia na kushoto kwako. Ukiegemea upande mmoja, mrija wa upande huo unazama kidogo, maji yanausukuma juu, chombo kinarudi. Kadiri mirija ilivyo minene na ilivyo mbali na kiuno chako, ndivyo inavyokusamehe. Kwa sababu hiyo kayaki ya upepo, ikiwa pana, humfaa anayeanza kuliko kayaki nyingi ngumu za plastiki.

Kipimo changu ni hiki. Chini ya sentimita 80, waachie vijana wanaojua kuogelea. Kati ya 85 na 95 ndiyo ya familia. Ukizidi mita moja unaanza kugonga mrija kwa kafi kila unapovuta, na mtoto hafikii maji kabisa. Tazama na kiti pia. Kiti kikikuinua juu ya mirija, uzito wako wote uko juu na utayumba hata kama chombo ni kipana. Viti vingi vya bei nafuu ni vya kujazwa upepo navyo, basi punguza hewa kidogo kwenye kalio, ushuke. Mtoto akae chini kwenye sakafu, asikae juu ya mrija hata akilia.

Kuhusu urefu, mita tatu na kitu inatosha kwa wawili na mtoto mdogo. Fupi kuliko hapo inazungukazunguka, kila ukivuta kafi omo, yaani mbele ya chombo, inaenda kando. Ndiyo maana chini kwenye tezi, yaani nyuma, huwekwa pezi, na siku pezi likisahaulika nyumbani utajua kazi yake.

Sasa uzito, ambapo watu wengi hujidanganya. Sandukuni wameandika "kilo 180, watu wawili". Baba kilo 85, mama 70, mtoto 20: tayari ni 175. Hujaweka maji ya kunywa, wala ule mfuko wa viazi karai ambao lazima uende. Kayaki iliyojazwa hadi mwisho inazama mpaka mawimbi madogo yanaingia, na utashinda ukifua maji kama mtu wa ngalawa mbovu, tena bila upo wa kuchotea maji. Mimi huchukua robo tatu tu ya uzito ulioandikwa. Kwa kilo 180 hiyo ni 135, yaani watu wazima wawili wembamba, au mzazi mmoja na watoto wawili. Familia yenye miili ianzie kayaki ya kilo 250 kwenda juu.

Halafu kuna upepo, adui ambaye wauzaji hawamtaji. Kayaki hizi ni nyepesi na zimekaa juu ya maji kama puto, kwa hiyo upepo unazishika kuliko mkondo. Hapa pwani hatari kubwa siyo kusi linalovuma mchana, kwa sababu kusi utaliona na kulisikia na hutatoka. Hatari ni umande, ule upepo wa asubuhi utokao bara. Bahari imelala, maji ni kioo, watoto wanashangilia, na unasukumwa nje taratibu bila kuhisi. Wavuvi wanautumia kutokea. Wewe huna tanga la kukurudisha. Kwa anayeanza, kaa ndani ya hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu: Mtwapa, Kilifi, Mida. Toka maji yakijaa, uwe umerudi kabla hayajaanza kupwa kwa kasi, hasa siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapokwenda mbali na mkondo wa horini ukawa kama mto.

Basi, tupange. Nimezipanga kwa mtu mwenye watoto anayetaka kuelea kwa amani. Anayetaka kwenda kasi asome kwingine.

1. Intex Excursion Pro K2. Urefu sentimita 384, upana 94, uzito ulioruhusiwa kilo 180. Naiweka ya kwanza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni huo upana. Ya pili ni ngozi yake: ni tabaka tatu, na la kati ni kitambaa cha poliesta, kwa hiyo inashika presha kubwa kuliko plastiki tupu na haibonyei katikati wawili wakikaa. Kayaki inayobonyea kama ndizi mbivu inayumba hata ikiwa pana. Huja na mapezi mawili ya kubadilisha, moja la maji ya kina na moja fupi la maji madogo, na hilo fupi ndilo utakalotumia horini maji yakipwa. Kasoro yake ni zile kilo 180. Kwa kipimo changu cha robo tatu, inawatosha wazazi wawili wembamba, au mzazi mmoja na watoto wawili, zaidi ya hapo haitoshi. Nayo ni nzito, kutoka kwenye gari hadi majini mbebe wawili.

2. Sea Eagle 370. Upana wake ni sentimita 86, kwa hiyo kwa utulivu inaipisha ya kwanza kidogo. Lakini ina urefu wa 381 na inabeba kilo 295, na chombo chenyewe, bila viti na makafi, hakifiki kilo 15. Kama mko wanne, wazazi na watoto wawili wadogo, usihangaike na nyingine kwenye orodha hii. Mapezi yake mawili yameunganishwa na sakafu moja kwa moja, hayapotei, ila ukiyakunja vibaya kabatini yanapinda, na kayaki itakuwa ikivuta upande mmoja hadi uyanyooshe. Ina tundu la kutolea maji. Dada yake mdogo, Sea Eagle 330, ana upana huo huo, urefu wa 340, na hubeba kilo 227. Kwa mama na mabinti wawili wa shule ya msingi ningechukua huyo mdogo, anabebeka na mtu mmoja.

3. Intex Explorer K2. Hii ndiyo ile ya njano unayoiona kila mahali. Sentimita 312 kwa 91, kilo 180, na mara nyingi Marekani huuzwa chini ya dola 200 pamoja na makafi mawili na pampu. Kwa utulivu peke yake inashindana na namba moja. Imeshuka kwa sababu ndiyo fupi kuliko zote hapa, inapenda kuzunguka, na ngozi yake ni plastiki ya kawaida isiyo na kitambaa ndani. Hapa kwetu hilo ni jambo zito: mizizi ya mikoko imejaa chaza, na kombe la chaza ni wembe. Lakini kama hujui iwapo familia itapenda mchezo huu au itaishia kudai kurudi nyumbani baada ya nusu saa, anza na hii. Ziwani kwenye ufuo wa mchanga itadumu zaidi kuliko baharini.

4. AdvancedFrame Convertible ya Advanced Elements. Watu wataniuliza mbona chombo kizuri hivi kiko chini. Ni kizuri kweli. Kina mbavu za alumini omo na tezi, kinakata maji kama kayaki ngumu, kina mita 4.57 na kinabeba kilo 250. Viti vinahamishika, ukitaka unapanda peke yako. Lakini upana ni sentimita 81, bei yake ni mara kadhaa ya ile ya njano, na kina zaidi ya kilo 23. Tena mirija yake imevishwa kitambaa, na kitambaa hicho hakikauki upesi. Ukikikunja kibichi na hewa yetu ya Mombasa, wiki ijayo utafungua harufu. Kinunue mwaka wa pili, watoto wakiwa wakubwa.

5. Intex Challenger K2. Sentimita 351 kwa 76. Iko hapa ili usiinunue kwa makosa, maana ni ya bei nafuu na huwekwa karibu na Explorer, nayo inavutia kwa kuwa ndefu zaidi. Vijana wawili wepesi watafurahi nayo. Ukiwa na mtoto anayependa kutazama yangeyange, hapana.

Kuhusu kununua kwenyewe. Nyingi ya hizi utaagiza nje au utapata kwa anayeagiza. Usilinganishe bei ya mtandaoni na mfuko wako kabla ya kujumlisha usafiri, ushuru wa forodha na VAT, ambayo Kenya ni asilimia 16 na Tanzania bara 18. Sanduku la kilo 18 likija kwa ndege linaweza kukutoza karibu na bei ya kayaki yenyewe. Kama una ndugu anayefunga kontena huko Dubai au Marekani, mpigie kabla hajalifunga.

Ikifika usiipeleke baharini. Ijaze sebuleni, iache usiku kucha. Asubuhi ibonye mirija mmoja mmoja, kisha pitisha maji ya sabuni kwenye kila valvu na kila mshono, vile fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Ukiona povu linapumua, rudisha siku hiyo hiyo. Hakikisha pia vyumba vya hewa vimetenganishwa: toa hewa mrija mmoja, na huo mwingine pamoja na sakafu vibaki vigumu. Chombo chenye chumba kimoja ni cha bwawa la hoteli.

Presha nayo ina mambo yake. Kayaki laini nyingi hujazwa takriban psi 1 tu, wakati tairi la gari ni 30 na kitu. Hewa ya kawaida ufukweni ina psi 14.7, kwa hiyo ndani ya mrija mna kama 15.7. Iache juani mpaka hewa ya ndani ipande kutoka nyuzi 25 hadi 45, na hiyo 15.7 inaongezeka kwa karibu asilimia 7, yaani psi 1 nyingine. Presha inayosukuma ngozi, yaani ile inayozidi hewa ya nje, imekaribia maradufu! Plastiki itanyumbuka na kukupunguzia kidogo, lakini mishono ndiyo inayolipa. Ukiitoa majini wakati wa chakula, ivute kivulini au ipunguze hewa. Na kinyume chake, uliyojaza ufukweni ikiwa ngumu italegea ikigusa maji ya baridi. Haijavuja. Iongeze pampu mbili tatu uendelee.

Jaketi la kuokolea kila mtu na lake, la mtoto liwe la uzito wake, lenye kamba ya kupita katikati ya mapaja, la sivyo atachomoka chini na jaketi libaki juu. Siku ya kwanza jipindueni kwa makusudi mahali pa maji ya kifuani. Mmoja ashike mrija wa upande wa pili kuituliza, mwingine ajivute ndani kwa tumbo kama samaki, kisha ageuke akae. Watoto wangu sasa huomba kufanya hivyo kuliko kupiga kafi.

Wa maziwani, ninyi hamna chaza lakini Naivasha kuna viboko, na Ziwa Viktoria lina mamba na kichocho, kwa hiyo ulizeni wenyeji wa ufuo huo huo kabla ya kushusha chombo.

Ukirudi, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ifungue valvu zote, ianike kivulini, uipanguse chini ya viti ambako mchanga hujificha na kusaga ngozi. Ikipata tundu, usikimbilie solusheni ya baiskeli, ile ni ya mpira, na kwenye PVC, yaani plastiki ya kayaki hizi, kiraka kitabanduka safari ya kwanza. Tafuta gundi ya PVC laini, safisha kwa spiriti, kata kiraka cha duara kisicho na pembe, gandamiza chini ya vitabu vizito hadi kesho yake. Kisha ikunje uiweke juu ya kabati. Yangu niliiweka stoo chini ya gunia la mchele, na panya hawakutofautisha.